Lile Ghala Nililokueleza

Elisha ndugu yangu,

Nimerudi nyumbani. Shahada yangu iko sandukuni, imezungushiwa gazeti la Kijerumani, na watu wa Lushoto wananiita mhandisi ingawa sijajenga hata kidaraja cha kuvukia mfereji. Ungecheka. Ulinicheka kwa kila kitu, hata lile koti langu refu, ukisema fundi alipima mlingoti wa bendera.

Sijakuandikia tangu tulipokuzika kule ugenini, na sababu unaijua. Kwa muda mrefu ulikuwa mtu pekee aliyeijua.

Unakumbuka kile kijitabu cha bima ya afya? Ulipewa wiki yako ya kwanza chuoni, kurasa nyingi, herufi ndogo kama mchwa. Ukaja nacho chumbani kwangu kwa kuwa nilikutangulia mwaka mmoja na Kijerumani kilikuwa kimeanza kuniingia. Nilikuwa nasonga ugali, nina njaa, nina haraka. Nikakisoma juu juu, nikakwambia, "Ni kama ghala la kijiji. Kila mwanafunzi anachangia, anayeugua anatibiwa kwa mchango wa wote." Ukasema, "Kumbe na hawa wana Ujamaa wao." Tukacheka, tukala. Nilijiona mwalimu hodari.

Nilisahau ulikotoka. Nilimsahau baba yako mdogo, aliyesimamishwa mbele ya mkutano wa kijiji huko Shume kwa kuchota mahindi ya ghalani wakati nyumbani kwake bado kulikuwa na viazi. Ulinisimulia mwenyewe tulipokuwa shule. Walimwita kupe, nawe umekaa mbele na watoto wenzako, unasikia. Tangu siku hiyo, kwenu ghala likawa la aliyezidiwa kabisa. Mwenye nguvu za kusimama hachoti.

Tumbo lilianza kukuuma Jumatatu moja. Nilikwambia uende kwa daktari na kadi yako ya bima. Ukasema, "Bado nasimama." Jumanne ukasema hivyo hivyo, umeshika ukuta. Jumatano tukagombana. Nilikufokea, nawe ukanijibu kwa ule upole wako, "Sina hata miezi mitatu hapa. Nimechangia nini mimi? Niwe kupe kwa watu wasionijua?" Hapo ndipo nilipaswa kukaa chini nikueleze upya. Nilielewa kosa langu, Elisha. Nililiona pale pale. Lakini kesho yake nilikuwa na mtihani wa hesabu. Nikakuchemshia chai ya rangi, nikarudi kwenye vitabu.

Nilifaulu ule mtihani.

Alhamisi hukusimama. Daktari alisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Akaniuliza mbona hukuletwa mapema, bima yako ilikuwa halali tangu siku uliyojiandikisha. Aliuliza mara mbili. Nilijua Kijerumani cha kutosha kumjibu, sikumjibu. Kadi tuliikuta chini kabisa sandukuni mwako, ndani ya Biblia, safi, haijakunjwa hata pembe moja.

Mama yako nilimwandikia kwamba uliugua siku moja tu. Niliporudi nikapanda Shume kumpa pole, nikayasema yale yale kwa mdomo wangu. Akashukuru. Akasema, "Afadhali mwanangu hakuteseka." Akanichinjia jogoo, nami nikamla.

Ningekufa na siri hiyo, sikufichi. Ila mwaka huu Tabitha, mdogo wako, alipata nafasi ya kusomea uuguzi huko huko. Barua yake ilikuja na kijitabu. Mama akaniita. Nilikikuta mezani, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, kama kitu cha kanisani. Akasema, "Mweleze mdogo wako kama ulivyomweleza Elisha."

Nilikifungua ukurasa wa kwanza. Nikasema, "Mama, sitamweleza hivyo." Kisha nikasema yote: ghala, kupe, siku nne, mtihani. Halafu nikamgeukia Tabitha, nikamweleza polepole, ukurasa kwa ukurasa. Ajiandikishe wiki ya kwanza. Kadi ikae kwenye koti, si sandukuni. Mchango unalipwa uwe mzima au mgonjwa, na aliyeingia jana ana haki sawa na aliyeingia miaka mitano iliyopita. Hakuna mkutano utakaomsomea jina. Mambo ya meno na miwani aulize kwanza, lakini akisikia maumivu asiulize mtu, aende angali anasimama. Alikuwa anaandika kila neno.

Mama hakulia. Aliuliza, "Siku nne?"

Nikasema ndiyo.

"Siku hizo mimi nilikuwa navuna viazi. Nilikuwa naimba."

Akainuka, akaenda jikoni, hakutoka tena. Unajua alivyozoea kunisindikiza mpaka kiwanda cha mbao, na kapu la viazi kichwani, hasikii la mtu. Siku ile nilishuka peke yangu.

Tabitha ameshafika. Ameniandikia kwamba kifua kilimbana, akaenda hospitali siku hiyo hiyo na kadi mkononi, wakamtibu, akarudi darasani. Mistari minne tu. Niliisoma nikiwa nimesimama barabarani, nikalia mbele za watu, mhandisi mzima.

Nimepanda kwenu mara tatu tangu siku ile. Nabisha hodi, nasema, "Shikamoo mama," naye anaendelea kumenya viazi. Katika milima hii sijapata kuona mama wa makamo yake akiiacha shikamoo ya mtu bila kuiitikia. Simlaumu. Hata mimi nisingeitikia.

Nisamehe ukiweza, Elisha. Usipoweza pia nitaelewa. Lala salama huko kwenye baridi, ambako mama yako hajui hata kaburi lako limeelekea wapi. Nitamchorea, akikubali kutazama. Na nakuahidi hili: kila Jumapili baada ya ibada nitapanda Shume, nitasimama mlangoni kwenu nimsalimu, mvua au jua, mpaka aseme marahaba, au mpaka mmoja wetu akufuate.

Kesho ni Jumapili.

Ni mimi nduguyo,
Yohana