Sauti ya Nyanya Imo Humu Ndani

Mjukuu wangu Kemunto,

Nyamira nzima hakuna simu inayobeba vitu kama yangu, wala sokoro, yaani babu, anayependeza kama huyu wako. Huku hatujambo, ng'ombe amezaa.

Umeuliza kama nina sauti ya marehemu nyanya yako. Ninayo. Simu yangu ya kwanza ilijaa kwa dakika moja tu ya kurekodi. Akiimba tena, nafuta wimbo wa jana.

"Baba Moraa, umenifuta tena kama ubao?" alikuwa akinitania.

Dakika hiyo niliirudia mpaka mbuzi wakaizoea.

Hii ya sasa haijai. Mimi niliyeishia darasa la sita nimerekodi harusi, kuku, mvua, na nyanya yako akiimba jikoni, bila kufuta chochote. Rekodi ni maelfu, hazina majina. Nimemtafuta wiki nzima, Kemunto. Sijampata.