Ukuta wa Baba Mdogo

Nyumbani kwa Mama,
Nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko ugenini? Wifi na wanangu hawajambo? Na kile kikohozi chako, kimekuachia? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata moto anazunguka nyumba nzima akitugombeza kama kawaida.

Najua Baba Mdogo atakupigia simu karibuni, kwa sauti yake ile ya asali. Kabla hujamjibu, nisikilize mimi niliyekuwapo.

Siku hizi anajiita Mkurugenzi. Mkurugenzi wa hoteli ambayo mvua ikinyesha wageni wanahamisha vitanda. Mwaka jana aliamua kwamba wanahitaji maji yaliyotulia ya kuogelea, basi akaziba mlango wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia hadi hotelini, kwa mawe na saruji. Wavuvi walimwendea kwa adabu, wakamweleza kuwa samaki wachanga huingia humo kukulia kwenye mikoko, na wakikomaa hutoka kwenda baharini. Unajua aliwajibu nini?

"Samaki ana mapezi. Atazunguka."

Azungukie wapi, Kaka? Mlango ni huo huo mmoja.

Basi maji yakijaa, vile visamaki vilikuja kujibanza nje ya ukuta, na kunguru wakawa wanajiokotea tu. Waliofungiwa ndani walikuwa na hali mbaya zaidi. Maji yalipata moto, yakawa kijani kizito, na ya vyoo vya hoteli yalikuwa yakimiminikia humo humo. Mkurugenzi akawa anawaambia wageni rangi hiyo ni ya asili.

Asubuhi moja tukakuta hori limetanda samaki waliokufa, matumbo juu. Akaja mbio kwenye chumba chetu cha dobi, pale hotelini nilipokuwa nikifanya kazi, kandambili mguu mmoja.

"Leteni mashuka, wazoeni kabla wageni hawajaamka!"

Mashuka ya kulalia watu. Nikamwambia mimi ni msimamizi wa dobi, sizoi mizoga kwa shuka la mgeni. Akanifukuza kazi papo hapo, akayabeba mwenyewe, akateleza kwenye ngazi za hori na kukaa juu ya samaki. Sikucheka. Nilitaka nimtazame vizuri. Wageni walioamka kwa harufu aliwaambia samaki wana msimu wao wa kufa. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamefunga mizigo.

Jioni hiyo Shangazi akafika na wavuvi, mtaimbo begani, na ule mwili wake mdogo unaoujua. Baba Mdogo akasimama juu ya ukuta.

"Dada, unaniharibia biashara."

"Biashara yako imeshaoza, mdogo wangu. Nakufungulia dirisha. Haya, shuka."

Akashuka. Mtu mzima na suti yake. Wakabomoa sehemu ya katikati, na maji yalipojaa yakapita kwa kishindo. Siku hizi visamaki vimeanza kuonekana tena kwenye mikoko, lakini wakubwa bado, na wavuvi wanaenda mbali na kurudi na nyavu nyepesi. Na yeye? Amesikika kwenye redio, kama kawaida yake ya kujitokeza penye sifa, akieleza jinsi *alivyojenga* njia ya samaki.

Sasa anataka kuziba hori la pili, lile linalopakana na shamba alilokuachia Baba. Bila sahihi yako hawezi. Ndiyo sababu ya asali.

Akipiga, usimkaripie, ni baba yetu. Mwamkie, mwulize hali yake, mwache amalize hotuba. Kisha mwambie hapana. Neno hilo hajalizoea, kwa hiyo lirudie.

Mama anakusalimu sana, na Shangazi pia. Mbusu binti yako, Kijiko wetu, mwambie shangazi yake amemtunzia magauni. Wifi mpe salamu zake peke yake. Mungu awakinge na baridi ya huko na awarudishe kwetu mkiwa wazima.

Mdogo wako akupendaye, asiye na kazi lakini anayelala usingizi mzuri,

Dada wa Dobi