Kabla ya Kumtangaza Babu Selemani

Kibondo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na Mama, kile kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanilaza na sweta. Wanafunzi wangu wananiamkia "mwakeye" kwa Kiha. Nikijibu, wanacheka matamshi yangu.

Baba, kuna jambo nimekuficha miezi miwili. Nilikwenda Kasulu kununua kitambaa kwenye duka nililolizoea. Mwenye duka, Mzee Athumani, aliposikia natoka Pangani aliruka: marehemu baba yake aliitwa Selemani, alitoka Pangani na wauza kaniki. Nami nikamweleza habari za baba yako, Babu Selemani, aliyekuja bara na kaniki asirudi. Siku ile nilishindiliwa pilau!

Mzee akataka kunitangaza kwenye maulidi, mbele ya mji mzima, kuwa mimi ni mjukuu wa baba yake. Nikamwomba asubiri. "Tuna jina na mji tu."

"Unatuonea haya?"

"Hapana, Mzee. Naogopa Baba asije akamlilia marehemu asiye wake."

Aliudhika, lakini akakubali tukamwulize mama yake, anayeishi Rungwe Mpya. Tulifuatana na mdogo wake Mzee, Hamisi, fundi cherehani wa pale dukani. Huyu mwanzoni, kila nilipokuja kununua kitambaa, alikuwa akinisindikiza hadi kwenye basi kwa maneno matamu. Habari ya udugu ilipozuka akapoa ghafla, maana angekuwa baba yangu mdogo.

Bibi alisikiliza yote, kisha akauliza, "Babu yako aliacha nini kwao?"

"Mke na watoto watatu. Baba yangu alikuwa anatambaa."

Bibi akacheka hadi akashika mbavu. "Selemani wangu alifika huku na mjomba wake, hana hata ndevu. Ndevu zake za kwanza nilizinyoa mimi!"

Sikujua nicheke au nilie. Mzee Athumani akasema, "Ningekutangaza, leo ningejificha wapi? Lakini pilau utakula vilevile."

Basi, Baba, alikoishia Babu bado hatukujui. Nisamehe. Naendelea kuuliza, na nikipata la hakika utalisikia wewe kabla ya mtu mwingine.

Nisalimie Mama, kaka Juma na mkewe, na shangazi Zuhura wa vitumbua.

Ukipata barua ya Hamisi kutoka Kasulu, usishtuke. Ni ya posa. Mimi ndiye niliyempa anwani.

Binti yako akupendaye,
Mwanaidi