Jina Lako Mlangoni

Mwalimu wangu,

Kibao kimepigwa misumari jana. Kimekaa upande kidogo kwa sababu fundi alikuwa na haraka ya kwenda kuangalia mpira. Nilimwambia akinyooshe, akanijibu, "Eish, dada, kiko sawa tu." Hakiko sawa. Lakini kipo, juu ya mlango wa ule ukumbi mdogo wa bustani ya mtaani kwetu Observatory ulikotufundisha kila Jumamosi, na kina jina lako. Nataka nikueleze jinsi jina hilo lilivyotutoa jasho. Najua ungecheka. Kuna sehemu usingecheka, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza habari za nyumbani. Darasa lako bado lipo. Nalishika mimi, Mungu anisamehe, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Bado nasuka nywele kule Randburg, ila Jumamosi mwenzangu ananishikia zamu na mimi namlipa kwa kufanya kazi Jumapili. Watoto wanaelewa Kiswahili vizuri sana, hasa nikiwagombeza, lakini wanajibu kwa Kiingereza. Nagonga meza, wanacheka. Wewe hukuwahi kugonga meza. Ulikuwa unanyamaza tu na kuwatazama mpaka wenyewe wanyamaze, na mimi nimejaribu hivyo, wakaniuliza kama naumwa.

Mwanangu Keza ameota meno. Wewe ulimjua akiwa tumboni tu, ulipoweka mkono siku ile ukasema anapiga teke kama mtu mwenye hoja. Hoja anazo kweli, na anazitoa alfajiri. Natamani ungemshika. Hilo linaniuma kila siku, nalisema waziwazi kwa sababu kwako sikuwahi kuficha kitu.

Sasa habari ya kibao. Aliyeianzisha ni Sista Lorna, yule mtawa Mfilipino wa parokia ya Kensington anayekuja kuwasaidia watoto hesabu. Jumamosi moja tulikuwa tunapanga viti, akaanza kunisimulia habari za kwao. Anatoka kijiji cha wakulima wa mpunga, mbali kabisa na mji. Huko, anasema, walimu wanawake ndio waliowafundisha watoto wa wakulima kwenda kwenye mkutano wa kijiji na kuuliza, mbele ya wakubwa, maji ya mashamba yameishia wapi. Mwalimu kama huyo akistaafu au akifa, wanafunzi wake wa zamani wanakusanyika. Hakuna anayemsifu. Kila mmoja anasimama na kutaja jambo moja tu alilolifanya pale kijijini kwa sababu yake, halafu anakaa.

Akaniuliza, "Kwa nini msimfanyie hivyo Mama Baraka?" Nilibaki nimeshika kiti. Tulikulilia, tukakuzika, tukala ule wali wa msiba, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria kusema hadharani ulitufanyia nini.

Nilikumbuka robot, kama wanavyoita huku taa za barabarani, Mwalimu. Zile taa za njia panda karibu na shule zilikuwa zimekufa muda mrefu, magari yanapita yanavyotaka, na sisi watoto tunavuka kwa kukimbia. Wazazi wetu walilalamika jikoni. Wewe ulitupeleka pale tukasimama asubuhi nzima kuangalia kwa macho yetu wenyewe, halafu ukatupeleka kwenye mkutano wa wakazi. Mzee mmoja akasema nyie si wa hapa, mambo ya barabara yanawahusu nini. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ukaniinamia sikioni, "Simama, mutoto. Sema jina yako yote. Kisha sema shida." Nikasimama. Nikasema naitwa Aline Irakoze, na kila asubuhi navuka pale nimemshika mdogo wangu mkono. Nikakaa. Nilidhani utasimama uniongezee maneno, maana watu wazima wote hufanya hivyo, lakini wewe ulikaa kimya na mkoba wako mapajani mpaka mkutano ukaisha. Tulipotoka ukaninunulia magwinya, yale maandazi ya huku, mawili ya moto, wala hukunisifu.

Taa zilipotengenezwa ulienda kuzitazama. Ulisimama pembeni ya barabara ukiangalia nyekundu inaingia, kijani inaingia, mpaka dereva wa teksi akakupigia honi akidhani unataka gari.

Basi nikampelekea Mama Nomsa, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, wazo la Sista Lorna. Alikubali kabla sijamaliza. Akasema na kibao tuweke kabisa, juu ya mlango, kamati italipa rangi. Akachukua simu yake aandike. "Jina lake?"

Nikasema, "Mama Baraka."

"Hapana, jina lake mwenyewe."

Mwalimu, tulikuwa wanawake saba au wanane mle ukumbini, na kila mmoja akamgeukia mwenzake. Mmoja akasema, "Mwalimu." Mwingine akasema nadhani ni Marie, karibu wote ni Marie. Mama Nomsa alitutazama kama watu tulioiba. Ndipo nikakumbuka hata msalabani, kule makaburini, tumeandika Mama Baraka, na wote tulipita pale tukaweka maua tukaona sawa. Wewe, ambaye hukumruhusu mtoto kukaa kabla hajataja majina yake yote!

Jina lenyewe halikuwa limejificha. Lilikuwa kwenye karatasi zako za ukimbizi, na mchungaji anazo. Alinisomea kwenye simu: Espérance Nabintu. Nilijifungia bafuni nikalitamka mara kadhaa nilisikie linavyokaa mdomoni. Ni jina zuri. Nilikasirika kwamba nimelipata umeshaondoka.

Kina mama wa kanisa hawakulitaka. Mama Solange, unamjua akiamua jambo, alisema, "Nani anamujua huyo Espérance? Mutu atapita pale aseme ni muzungu. Andikeni Mama Baraka, njo vile tulimujua." Wenzake wakaitikia. Nikakataa. Sikukataa kwa ajili yako tu, nikuambie ukweli. Tangu Keza azaliwe sijaitwa Aline. Kanisani ni Mama Keza, saluni ni Mama Keza, mama yangu mzazi aliyenipa jina ananipigia simu toka Bujumbura na kuniita Mama Keza. Nampenda mwanangu kuliko macho yangu, lakini kuna siku najiuliza yule msichana aliyesimama kwenye mkutano ameenda wapi. Kwa hiyo niliposimama kukutetea nilikuwa najitetea na mimi. Nilisema jina langu lote kwanza. Wakacheka. Nikasema mwanamke aliyetufundisha kutaja majina yetu hawezi kuning'inizwa mlangoni chini ya jina la mtu mwingine. Hapo hawakucheka. Nilishinda, Mwalimu. Mama Nomsa akampa mchoraji maneno matatu tu, Mwalimu Espérance Nabintu, na Mama Solange akaondoka bila kuniaga.

Ilibaki kuwataarifu ndugu zako. Mchungaji akanipa namba ya mdogo wako Mapendo, kule Uvira. Na mimi nilikuwa na shauku nyingine. Nilitaka namba ya Baraka, tumwalike, au angalau atume ujumbe usomwe siku hiyo. Mazishini hakuja, na tulimsema vibaya kwa hilo, nakiri. Kila tulipokuuliza habari zake ulisema, "Baraka iko muzuri," kisha ukauliza kama chai ina sukari. Basi sisi tukamlea wenyewe. Wengine walisema ni daktari Brussels. Wengine walisema anafanya kazi migodini Lubumbashi na ndiyo maana hana muda. Mama Solange alikuwa anamwekea binti yake wa pili, na si utani.

Nilimwomba Mapendo namba hiyo. Kisha akaniambia.

"Baraka alikufa, mwanangu. Alikuwa na miaka mine. Tulikuwa tunakimbia vita, akashikwa na homa, tukamuzika njiani."

Nilisema pole. Yeye akaendelea taratibu, kama mtu anayenionea huruma mimi. "Dada alipendaka sana vile munamuita kule. Aliniambiaka, huku watu wanaita mutoto wangu kila siku, Mapendo. Hawamujue, lakini wanamuita."

Nilikaa kwenye ngazi za jengo letu na kulia mpaka jirani akatoka kuuliza nani amekufa. Miaka yote hiyo, Mwalimu. Sokoni, kanisani, darasani, watoto wakipiga kelele Mama Baraka, Mama Baraka, njoo uone, na wewe ukigeuka. Tulikuwa tunamwita yeye pamoja nawe, na ulituachia tumwite bila kutubebesha habari zake. Na mimi, kwa mdomo wangu huu ulionifundisha kuutumia, nilikuwa nimesimama mbele ya watu na kumfuta.

Asubuhi nilikwenda kwa Mama Nomsa kuomba nishindwe, jina la Baraka liongezwe kibaoni. Kisha nikaenda kwa Mama Solange. Nilimweleza mlangoni, hata hajanikaribisha. Aliketi chini palepale akajifunika uso kwa kitenge. Baadaye alisema neno moja tu, "Nilimuwekea binti," na tukacheka huku tunalia, kwa sababu tungefanya nini.

Mchoraji alikuwa ameshamaliza. Alilalamika kwamba nafasi imebaki ndogo, lakini akaongeza. Kinasomeka hivi sasa: Mwalimu Espérance Nabintu, na chini yake, kwa herufi zilizobanana, Mama Baraka. Jina lako umelipata, na mtoto hujanyang'anywa. Mapendo nilimtumia picha. Alijibu kwa kupiga simu, akavuta pumzi tu, nami nikavuta zangu.

Jana ilikuwa ndiyo siku. Tulifanya kama kwa kina Sista Lorna, hakuna sifa. Divine, yule uliyemfundisha kusoma akiwa na kigugumizi, alisema alikwenda kliniki kuuliza kwa nini mama yake anarudishwa kila mara bila dawa, na hakutoka mpaka akajibiwa. Mama Solange alisema mwaka huu amekwenda kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa mara ya kwanza, na ameuliza swali, na swali lilikuwa zuri. Halafu akasimama Sipho, yule mtoto wa Kizulu aliyekuwa anafuata rafiki zake tu. Ni kijana mkubwa sasa. Alisema vijana wa mtaani kwao walipokuja kuvunja spaza, kiduka cha Mrundi mmoja, alisimama mlangoni. Hakuwa na fimbo wala nini. Aliwatajia jina lake, halafu akawataja wao, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake, polepole, mpaka wakaanza kuondoka. Akakaa. Sista Lorna alikuwa anajifuta machozi kwa mkono wa joho lake. Mimi nilisema nimeshika darasa lako, basi, nikakaa.

Watu walipokwisha kutoka, nikabaki nafunga madirisha. Kabinti kamoja ka darasa la chini, kamejifunza kusoma juzijuzi tu, kalikuwa mlangoni kanasoma kibao kwa kidole hewani. Kakaniuliza kwa Kiswahili, Mwalimu, bila kulazimishwa, "Anti, Baraka ni nani?"

"Ni mtoto wa Mwalimu."

"Yuko wapi?"

Nilitaka kusema iko muzuri, kama ulivyokuwa unasema. Ulimi ulikuwa tayari. Nikachuchumaa nikamwambia ukweli, kwamba alikufa akiwa mdogo, mdogo kuliko yeye, na kwamba mama yake alimpenda sana. Kakafikiri. Kisha kakarudi ndani, kakavuta kiti, kakasimama mbele yangu na kusema majina yake yote matatu, na la tatu sikuwahi kulisikia. "Mimi sikumjua," kakasema, "lakini nitawaambia wengine." Kakakaa.

Lala vizuri, Mwalimu Espérance. Mlaze na mtoto. Nakuahidi kila mtoto atakayeingia kwa mlango ule na kuuliza, ataambiwa nyinyi ni kina nani, na nisipokuwepo mimi atakuwepo wa kumwambia.

Mwanafunzi wako,
Aline Irakoze, Mama Keza