Gauni la Binti Yako

Mdogo wangu,

Hatujambo, kama bado unauliza. Cherehani nimeitia mkanda mpya, na jirani amehama na majogoo wake, kwa hiyo sasa nalala mpaka jua litoke. Mwandiko usiucheke. Mistari ya daftari inapanda na kushuka mbele yangu.

Unakumbuka nilivyokupigia simu, siku ya pili baada ya kuchomwa sindano ya tatu ya jicho, ile ya kuzuia ugonjwa wa macho wa uzeeni? Nilikwambia jicho ni jekundu, linauma, naona ukungu, na nesi alinionya nikiona hivyo nirudi siku hiyo hiyo. Ukaangua kicheko.

"Dada, fundi mzima, kila siku unajichoma vidole, leo unalia? Vumilia bwana, umalizie gauni la harusi."

Nikaona haya. Kweli, miaka arobaini nikijichoma nafyonza damu, naendelea kushona. Nikavumilia siku nne.

Daktari hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema jicho limevimba kwa ndani baada ya ile dawa, na lingetulia kama ningewahi. Ndilo nililokuwa nikitungia uzi. Sasa linajua mchana na usiku tu.

Tangu hapo umetuma ujumbe mmoja, kuuliza gauni limefika wapi.

Hili hapa, nimelifunga pamoja na barua. Mikono haijaunganishwa. Mwambie binti yako shangazi yake anamwomba radhi, kisha umtafutie fundi mwingine. Huyo akikwambia anaumwa, mwamini.

Dada yako