Nafula Alinirudishia Simu

Alhamisi jioni, Kitale. Mvua imenyesha tangu saa nane na baridi yake ni ile ya kuingia mifupani. Viatu vyangu viko mlangoni na matope ya Tongaren. Sina hata nguvu ya kuviosha.

Nimechoka, lakini si kwa safari.

Kila Jumanne mimi hukutana na kina mama wa Kibomet katika ukumbi wa kanisa. Wengi ni watu wa vibarua, kufua na kupalilia mashamba ya wenyewe. Nawafundisha jambo moja tu, tena la bure: ongea na mtoto wako. Ukiosha sufuria, mwambie unaosha sufuria. Muulize, kisha usubiri. Hata akikujibu "pu", mjibu. Ni hilo tu, na mimi hutoka pale nikijiona profesa.

Mwanafunzi wangu bora ni Mama Jayden. Alipoanza kuja, Jayden alikuwa wa kunyoosha kidole tu. Siku hizi haambiliki, anataka kujua jina la kila kitu hadi la bawaba za mlango. Mara ngapi nimemsimamisha mama huyu mbele ya wenzake tumpigie makofi! Yeye huinamisha kichwa. Nilidhani ni haya.

Juzi, wenzake walipotoka, alibaki nyuma akikunja leso.

"Mwalimu, Jayden si wangu. Mimi ni mfanyikazi tu pale kwao. Wangu anaitwa Nafula, ako Tongaren kwa mama yangu. Yeye na Jayden ni rika moja. Na haongeangi."

Akaniomba niende nimwone. Ati mimi ni mwalimu, nitajua la kufanya.

Leo nikaenda, na kitabu cha picha mkobani. Nyanya mtu ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kupalilia mahindi ya watu, jembe begani. Nafula alikuwa mlangoni akipanga magunzi. Masikio yake ni mazima, maana kuku akilia nyuma ya nyumba anageuka. Nikamwambia achukue kikombe, akachukua. Anaelewa kila kitu. Basi nikaanza somo langu. Nyanya aliniacha nimalize, kama mtu anavyomwacha mhubiri amalize.

"Mwarimu, mimi naamka giza, narudi nimechoka. Mzee alikufa. Watoto walienda kutafuta kazi. Hata mimi mwenyewe, si uniambie, naongeanga na nani?"

 

Ndipo nikajifanya mjanja. Nikampigia mamake simu, nikafungulia sauti, nikampa Nafula ashike. Mama alifurahi. Akaanza vilevile nilivyomfundisha, polepole, kwa uchangamfu:

"Nafula mama, mimi naosha nini? Naosha nini?"

Kisha akasubiri. Anajua kusubiri, mimi ndiye niliyemfundisha.

Nafula alishika simu kwa mikono miwili, mdomo umefunguka kidogo. Nyanya aliacha kukwangua matope kwenye jembe. Nami nikaomba Mungu, neno moja tu.

"Sufulia!" Ilikuwa sauti ya Jayden, kutoka upande ule mwingine. "Anti, sufulia!"

Nafula alinirudishia simu.

 Nilisikia maji yakimwagwa kwenye karai. Halafu mamake akasema, "Asante, mwalimu. Wacha nimalize vyombo kabla Mama Jayden afike."

Nilirudi Kitale nikiwa na uchungu. Nimepiga hesabu za kila namna. Nikimwomba mwajiri amruhusu kukaa na mwanawe, huenda kazi ikaisha, na hiyo kazi ndiyo unga wa Nafula. Nikimwambia dada huyu apunguze maneno kwa Jayden, mtoto wa watu amekosa nini? Na nyanya nimwongezee kazi gani tena? Kitabu niliwaachia. Nyanya alikiweka juu kabisa ya kabati, kisichanike.

Jumanne mwanafunzi wangu bora atakuja, Jayden mgongoni. Mimi huanza darasa kwa kuwasalimu kina mama mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina la mtoto wake. Miezi yote hii nimemwita Mama Jayden, naye akaitika.

Jumanne nitamwitaje?