Simu ya Marehemu na Sinema ya Ndoo

Mpendwa mshauri Maman Orpha, naomba msaada, ingawa bantu wakisikia Casimir Numbi wa Shituru anaomba msaada watasema redio imekosea, juu ni mie ambaye Likasi yote inakuja kuomba kwake, ni mie niliyesimamisha gari moshi la mabehewa kumi na manane kwa filimbi tu, dereva amesinzia, na hata leo wazee wa reli wakiniona wanavua kofia, kwa hiyo usifiche jina langu, lisome lote.

Muntu mmoja tu alikuwa ananikatiza nikisimulia hiyo habari, dada yangu Hortense. "Yaya," ndivyo alivyoniita kaka yake, "juzi ilikuwa kumi na mbili!" Na binti yake Shekina anahesabu kwa vidole, wanacheka wote wawili, nami nacheka, juu ni wa kwetu.

Hortense alikufa mwezi wa kwanza, homa siku nne. Aliuza samaki wa Kapolowe sokoni, kicheko chake unakisikia kabla hujaona beseni yake. Shekina ana miaka kumi na saba, na kwa desturi yetu mutoto ni wa mjomba, basi nikamchukua kwangu, nyumba kubwa, vyumba viwili lakini ukiingia unaona kama vinne.

Huyu mutoto hakulia ku kilio. Anakaa tu na simu ya mama yake, anatazama sinema za vijana wa shule wa Ulaya, upuuzi mtupu, mwanafunzi ana mvi kwenye ndevu na darasa zima haliulizi, wanapigana halafu wanaimba, na kuna moja anairudia kila siku, kijana anataka kumbusu msichana, anaacha, anakugeukia wewe unayetazama, anasema maneno, ndipo mvua inanyesha, na unaona wazi muntu juu ya ngazi anamwaga ndoo. Hapo Shekina anacheka kicheko cha marehemu kabisa, halafu machozi yanamtoka.

Nikamuuliza, "Shekina, hii bujinga inakupa nini?"

"Nonko," ndivyo anavyoniita mjomba wake, "banajua ni ya bongo, ya uongo tu, na banatuambia banajua."

"Sasa kama ni ya bongo, unalia juu ya nini?"

"Ku kilio ya mama bantu balilia kama mu filme. Lakini hakuna hata moja aliangalia kamera."

Hilo neno lilinichoma, juu najua nilichofanya. Siku ya kilio banungwe walikuja, ndio watani wa ukoo wetu, kumuigiza marehemu kama ilivyo kawaida. Mama Marlène amefunga kitenge cha Hortense, beseni kichwani, anapaza sauti mbele ya jeneza, "Hortense, amuka! Unajifanya umekufa, samaki inaoza!" Lakini mchungaji wetu alikuwa pale, na wakubwa walikuwa pale, na viti vya plastiki sitini, mie nilitaka kilio cha watu wakubwa, nikawafukuza mbele ya wote. Mchungaji akanishika mkono, akasema nimeshinda upagani. Marlène akatua beseni chini, akaniambia, "Casimir, umemuzika dada yako na kicheko yake ndani."

Basi niliposikia habari ya kamera nikakasirika, nikasema ni pepo wa sinema, nikanyang'anya simu nikaifungia mu sanduku langu la bati. Wiki tatu sasa mutoto hanisemeshi. Ananiwekea bukari, ugali wetu, mezani, anatoka. Jumamosi anaenda Kapolowe kwa nyanya yake Madeleine, amefunga mizigo, amewaambia majirani harudi, na shule anaiacha akiwa mwaka wa mwisho. Mie sina mutoto mwingine, Maman. Nimshike kwa nguvu? Nimpeleke kwenye maombi?

Na kuna kitu kidogo nilitaka kukiruka. Jumapili, wote wakiwa kanisani, nilisema nina homa, nikafungua sanduku, nikaitazama ile sinema toka mwanzo mpaka mwisho. Ile ndoo nilicheka. Lakini anachosema yule kijana kwa Kifaransa kabla ya maji, maana yake sikuisikia. Mtaa mzima unajua kwamba nilikuwa mfasiri wa wazungu wa mgodi. Kifaransa sikijui, Maman Orpha. Najua bonjour.

*

Papa Casimir,

Pole kwa kumpoteza dada yako. Sasa nisikilize.

Ulinyang'anya simu. Simu ya nani? Mtoto amefiwa, mkononi amebaki na kitu kimoja ambacho vidole vya mama yake vilikigusa kila siku, na wewe ukakitia kwenye bati. Halafu unatafuta pepo ndani ya sinema!

Unauliza upuuzi ule una nini. Jibu lilikujia uwanjani likiwa na beseni kichwani, ukalifukuza. Mtani akimwambia maiti aamke, hakuna anayedanganyika. Anajua amekufa, wewe unajua, mtoto anajua. Kwa kuwa amesema hadharani kwamba anaigiza, kila mmoja anapata ruhusa ya kucheka na kulia kwa pamoja. Wale vijana wa sinema wanafanya vilevile: wanakuonyesha ndoo. Mtoto aliyekaa katikati ya watu wanaolia huku wakitazama nani ameketi kiti cha mbele, atamwamini nani, kama si yule anayemwonyesha ndoo? Na Hortense alikuwa anaionyesha ya kwako kila siku, mabehewa kumi na mawili. Ulikasirika? Ulicheka.

Usimshike kwa nguvu. Maombi uombe wewe, ya toba.

Leo hii, usingoje Jumamosi, toa simu sandukuni, itie chaji, mpe kwa mikono miwili, bila hotuba. Keti chini karibu naye umwambie lile ulilokiri kwangu: "Shekina, Kifaransa sikijui, nifasirie." Asipojibu, keti tu. Kisha nenda kwa Mama Marlène kwa miguu yako, uombe msamaha, na siku ya kutoa kilio, matanga yakiisha, aje na beseni yake. Mchungaji akinung'unika, mpe kiti cha plastiki naye atazame.

Jumamosi akitaka bado kwenda, umbebee mzigo mpaka kwenye gari, na vitabu vya shule uvitie ndani mwenyewe. Mwambie mlango haufungwi.

Hatakuambia amekusamehe, watoto hawasemi hivyo. Lakini siku moja utakuwa unawasimulia wageni lile gari moshi, na nyuma yako utasikia sauti inauliza, "Nonko, ilikuwa ngapi?" Usikasirike. Ongeza mawili.